Sehemu ya Kumi na Moja

Nimeipata. Dakika arobaini na mbili,
picha imejaa chengachenga, sauti inatangulia midomo,
mtu fulani kaitoa kwenye kanda
iliyoliwa pembeni kama jani la mgomba.
Mvua inapiga bati. Tukuyu mvua haiulizi msimu.
Nimejifunika blanketi, nimeiwasha.

Tuliichukia sehemu hii.
Tulitoka Katumba kwa miguu, Gwakisa mbele,
malapa yakiturushia tope mgongoni,
shilingi ishirini ishirini ndani ya leso moja,
tukaketi kwa Mwakalobo juu ya magunia ya viazi
kungoja Watu wa Chombo wapigane
na lile dude la macho sita
tuliloahidiwa wiki nzima.
Hawakupigana na mtu.
Chombo kiliharibika. Wakakaa chumba kimoja, wakaongea
Kiingereza, nasi Kiingereza chetu
kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu.
Dude halikuja. Kilipita kivuli chake ukutani, mara moja,
na Atupele akasema hicho ni kivuli cha koti.

Ni kivuli cha koti.
Hata kiango chake kinaonekana.
Nyota zimetobolewa kwenye kitambaa cheusi,
moja imechanika, imekuwa kubwa kuliko jua.
Kapteni Kidevu (jina tulimpa sisi)
anasoma maneno yake mahali fulani nyuma ya usukani,
macho kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia,
kama shemasi mgeni.
Kiingereza nakijua sasa. Heri nisingekijua.
Wanabishana kuhusu betri.

Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya kipande kimoja.
Miaka thelathini nimekibeba:
Fundi, yule mfupi asiyesema,
anatoka nje, kwenye giza lisilo na chini,
kamba ya katani kiunoni,
anapiga hodi kwenye nyota ya jirani,
anaomba moto.
Kaa moja tu, juu ya kigae.
Anarudi nalo akilipuliza, akilikinga kwa kiganja,
na chombo kinawaka.

Dakika ya thelathini. Bado.
Ya thelathini na tano: betri.
Ya arobaini Fundi anafungua sanduku alilolikalia
na kumbe betri nyingine imo humo, muda wote imo humo.
Majina yanapanda. Tarumbeta.

Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena,
kama mtu anayepekua mfuko uleule
akijua hamna kitu.

Ndipo ikanijia harufu ya chai inayokaushwa kiwandani,
ukungu umeshuka hadi magotini,
Atupele analia anataka ishirini yake,
na sauti ya Gwakisa kule mbele, bila kugeuka:
"Nyie mlikuwa mnasinzia.
Fundi alitoka nje. Kwa kamba."
Akaendelea hivyo, mteremko wote, hadi darajani,
na tulipovuka tulikuwa tumeiona.
Naapa tulikuwa tumeiona.

Nimempigia. Yuko Uyole, anatengeneza mashine za kusaga,
sikio moja limechoka, lazima upige kelele.
Hamkumbuki Fundi. Kapteni hamkumbuki.
"Kamba? Kamba gani?"
Nikamtajia kaa la moto.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia mkanda wa mashine ukizunguka.
"Aa, siku ile. Tulikuta jiko limezimika,
mama kalala Makandana na mtoto.
Nilikwenda kwa akina Syabumi, ng'ambo ya shamba la chai.
Giza, bwana! Hata mkono wako huuoni.
Likanizimikia njiani.
Nikarudi kuomba tena."
Halafu akauliza kama huku umeme upo.